Mtoto wa Babu Mti

Jumatatu, 1 Septemba

Joto la kukaanga mayai kwenye lami. Mwenyekiti Kho kabandika tangazo kwenye shina la Babu Mti — kwenye shina lenyewe, kwa gundi! Nimelibandua, nimelisoma, nimelirudisha. Ila nimelirudishia upande unaotazama ukuta. Atakayetaka kusoma ajipenyeze.

Linasema: mkatang mkubwa wa kichochoro chetu unaumwa mizizi. Hauponi. Utakatwa baada ya sikukuu ya mwezi mpevu. Wakazi wote mkutanoni Jumamosi, chai ipo.

Chai ipo! Wanamkata baba yangu na kunikaribisha chai.

Ndiyo, baba yangu. Nilizaliwa njiti, ziwa sishiki, kulia sinyamazi. Bibi akanibeba mpaka pale chini, akawasha vijiti vya udi, akamwambia mti: huyu mchukue wewe, sisi katushinda. Nikafungwa shingoni uzi mwekundu wenye sarafu ya kale, ile yenye tundu la mraba katikati. Kila mwaka siku ya mwezi mpevu uzi unabadilishwa, Babu Mti anapewa vyakula vyake, na mtoto anainamishwa kichwa. Nikanenepa. Basi tangu hapo nina baba wawili. Wa nyumbani alikuwa dereva wa lori, kumwona ni bahati. Huyu wa pili nilimkuta palepale kila nikitoka shule.

Chakula cha usiku hakijapita. Nimekunywa maji nikalala mapema.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeaibika mbele ya mtaa mzima.

Mkutano ulikuwa palepale mbele ya kibanda cha ibada cha Babu Mti. Viti vya plastiki, feni mbili, mbu wa kutosha. Mwenyekiti kamleta daktari wa miti. Nilitarajia mzee mwenye miwani, katoka binti mwenye buti za mvua, jina lake Peishan, sauti ya upole kama muuguzi. Kasema ni kuvu. Inakaa ardhini, inapita mzizi kwa mzizi, ikimaliza mti mmoja inaanza wa jirani. Babu Mti kwa juu ni mbichi, kwa chini ameoza. Kimbunga cha Julai kilimwacha kwa huruma tu. Kijacho kitamlaza juu ya paa la mtu.

Nikasimama. A-hong, shoga yangu mwenye kibanda cha tambi, akanivuta sketi. Sikukaa. Nikasema miti ya asili ya kisiwa hiki haijui kuugua, magonjwa yameletwa na hii miti yenu ya mapambo. Ng'oeni hiyo! Watu wakapiga makofi. Binti akauliza kwa adabu zote, "Shangazi, hapa mtaani kwetu ipi ni ya asili na ipi ni ya mapambo?"

Nikanyoosha kidole papo hapo. Mti wa Juni! Ule wa maua mekundu, mti wa mji wetu huu, nani asiyeujua?

"Ule kwao Bukini, shangazi. Ulikuja kwa meli."

Wamecheka mpaka Mwenyekiti kamwaga chai yake. Nami nilikuwa bado nimesimama. Ule mti! Tulichuma petali zake mwisho wa kila mwaka wa shule, tukazipanga ziwe vipepeo, tukazibana kwenye madaftari tuwape tunaoachana nao. Mgeni! Halafu binti akaniuliza ule ulio mbele ya dirisha langu, ambao majani yake nayafagia kila siku ya Mungu, unaitwaje. Nimepanga barua za mtaa huu pale posta tangu usichana wangu mpaka kustaafu, kila mlango naujua kwa namba, na mti hata mmoja siujui kwa jina.

Peishan ana matembezi ya kuijua miti, kila Jumapili asubuhi. Nimejiandikisha. Si kwa mapenzi! Nataka nijifunze mpaka nimshinde kwa maneno yake mwenyewe.

Jumapili, 7 Septemba

Tulikuwa wachache. Mimi, wanandoa wawili wenye kamera, mstaafu mmoja anayejibu maswali ya wenzake. Peishan anatembea polepole sana. Anasimama kwenye kila mti kama mtu anayesalimia msibani.

Ule wa dirishani kwangu ni luan. Mluan! Wa asili ya hapa hapa, haupatikani porini kwingine popote duniani, na mimi nimeutukana miaka yote kwa sababu ya vidudu vyake vyekundu. Sasa umeanza kuchanua, manjano kwa juu tu. Peishan kasema mwezi ujao maua yatageuka vibofu vyekundu, kisha hudhurungi. Nikamwambia, hilo nalijua, kila Oktoba nafagia vyekundu. "Basi shangazi ulikuwa unaujua," kasema, "jina tu ndilo lilikuwa halijakufikia." Kama barua, nikajisemea. Karibu nicheke, nikajizuia.

Mkungu wa mbele ya kibanda cha A-hong nao ni wa asili ya kusini huku. Huo nauenzi. Jani lake lilikuwa sahani yetu, kofia yetu, na pepeo la bibi siku umeme ukikatika. Nimeokota moja leo, kubwa, jekundu nusu. Nimejipepea nalo njia nzima na hakuna aliyenicheka.

Msufi mwekundu wa barabara kubwa: mgeni, lakini wa siku nyingi. Mti wa ubao, ule unaonuka vibaya Oktoba: mgeni, ulipandwa kwa kuwa unakua haraka na una umbo zuri. Mstaafu akasema, ndivyo walivyo wachumba wengi. Peishan alicheka kweli. Ana mwanya.

Mwishoni tukafika kwa Babu Mti. Mkatang, wa asili. Nikamtazama binti jicho la umeona-sasa. Yeye akainamisha kichwa kwa mti kwanza, ndipo akaanza kueleza. Sikutegemea. Kaeleza majani yake matatu-matatu, kaeleza gome. Hakueleza kwamba bibi aliyasokomeza majani hayo tumboni mwa kuku, akampika kwa mvuke, supu yake nikanyweshwa ili nipate damu. Hilo nilieleza mimi. Wenye kamera wakaandika.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua. Nimetoka na mwavuli kwenda kununua sabuni, nimerudi bila sabuni. Nilikuwa nahesabu miluan. Safu nzima, kutoka kwa Babu Mti mpaka mlango wa shule! Nilidhani ni miti minne mitano.

Jumapili, 14 Septemba

Matembezi ya pili. Leo mkafuri wa shule ya msingi, shule yangu. Peishan kasema sugueni jani mnuse. Nikasugua — na mama akawa amesimama pale.

Kabati la mama. Sanduku la mama. Magauni ya mama yenye harufu ya kafuri mpaka njiani watu walikuwa wanageuka. Alikufa mwezi wa pili, na nguo zake nimezigawa zote kwa haraka, kama mtu anayekimbizwa. Nilidhani harufu imekwisha nazo. Kumbe ilikuwa hapa kwenye ukuta wa shule, inaningoja nije niulize jina. Nimelia mbele za watu wenye kamera. Hawakupiga picha, nawashukuru.

Wengine walipoondoka nikabaki na Peishan. Nikamwambia: nionyeshe huo ugonjwa, nisiambiwe tu. Tukaenda kwa Babu Mti. Akapiga goti nyuma ya kibanda, upande ule tusioufagia, akaondoa udongo kwa mikono. Chini kabisa shina limevaa kitu. Kahawia, kimeganda, kimepanda juu kutoka ardhini kama soksi yenye matope. Akakwangua kidogo kwa kisu. Ndani mbao imekuwa laini, ina mistari ya kahawia, unaibonyeza kwa kidole inaingia.

Nilibonyeza. Iliingia.

"Anaumia?" nimeuliza. Swali la kitoto.

"Sijui, shangazi. Kusema kweli sijui."

Angesema hapana ningemchukia. Nimemkaribisha uji wa samaki, kala bakuli mbili. Hana mama naye. Hatukuendelea na habari hiyo.

Jumatano, 17 Septemba

Kubwa limetokea leo. Mti wenye kibanda cha ibada haukatwi hivihivi, hata Mwenyekiti Kho na haraka zake analijua hilo. Lazima Babu Mti aulizwe na akubali. Basi leo asubuhi wameweka matunda, wamewasha udi, Mwenyekiti kapiga magoti na vile vibao viwili vyekundu vya umbo la mwezi mchanga. Unauliza, unarusha. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, amekubali. Vyote chali, anakucheka tu. Vyote kifudifudi, amekataa.

Kifudifudi. Akauliza tena kwa maneno mengine, akataja shule, akataja watoto, akataja paa. Kifudifudi. Mara ya tatu kimoja kikazunguka muda mrefu kama sarafu, watu wote shingo mbele — kifudifudi.

Furaha niliyoisikia! Nimejificha nyuma ya A-hong nisionekane meno.

Kisha mtunza kibanda cha ibada akasema, huenda kuna mtoto wake bado hajaachiwa. Watoto wa Babu Mti wanaachiwa wakifika miaka kumi na sita: wanaletwa na keki nyekundu za umbo la kobe, wanashukuru, uzi unakatwa. Kama yupo ambaye uzi wake haukukatwa, Babu hawezi kuondoka, ana mtoto mikononi. Mwenyekiti akaanza kuita majina ya wale wa zamani. Huyu kaachiwa, yule kaachiwa, huyu yuko Kanada lakini kaachiwa kabla hajasafiri.

Nikakumbuka nimeacha mchele jikoni. Nikaondoka. A-hong alinitazama mpaka nikakata kona.

Alhamisi, 18 Septemba

A-hong kaja kabla hata hajafungua kibanda, na tambi mkononi, mlangoni hapigi hodi.

"Ni wewe."

Nikamuuliza mimi nini.

"Usinifanye mjinga, Kim. Tulizaliwa mwaka mmoja. Mimi nakumbuka nani alikula keki za kobe na nani hakula. Zako sikula!"

Na kweli hakula. Mwaka ule bibi alikufa wiki moja kabla ya sikukuu. Mama alikuwa keshanunua mpaka kitambaa chekundu cha mezani. Nyumba yenye matanga haipeleki vyakula kwa Babu Mti, ni mwiko, basi tukafunga mlango tukakaa. Usiku ule nilisikia wenzangu wanacheka huko nje, watu wanachoma nyama, mwezi umejaa. Mwaka uliofuata nilikuwa bweni mji mwingine, mama na huzuni zake, hakuna aliyekumbuka. Uzi nao ulichakaa ukajikatikia siku moja nikiwa naoga. Sarafu niliisikia ikiingia kwenye bomba.

Nikamwambia A-hong, hata hivyo siwezi. Nina msiba wa mama. Mwiko ni mwiko.

"Siku mia zimepita zamani! Nimemuuliza mtunza kibanda. Visingizio vyako vimekwisha, labda useme unaumwa tumbo."

"Naumwa tumbo."

Kaweka tambi mezani akaenda zake. Hakucheka. A-hong akinitania najua mambo ni mepesi. Leo hakunitania.

Nilisema wazi moyoni baada ya mlango kufungwa, sasa naliandika: sitaki. Bibi hayupo, baba hayupo, mama hayupo. Aliyebaki duniani ambaye kwake mimi ni mtoto ni huyo mti. Nikimwachia, mimi ni mama mtu mzima tu anayekaa peke yake namba kumi na saba. Kama hawezi kukatwa kwa sababu yangu, basi kwa mara ya kwanza kuna mtu anayebaki kwa sababu yangu. Nani angekubali kuachia hilo?

Jumapili, 21 Septemba

Sikupanga kwenda matembezini. Nilikwenda.

Miluan imewaka! Safu nzima manjano, chini barabara yote manjano, pikipiki zinapita zinainua vumbi la maua. Nimeishi hapa karibu maisha yangu yote na nilikuwa naona takataka. Mstaafu kaniita "bibi harusi" kwa sababu maua yalinijaa kichwani. Nikamwambia bwana harusi awe mwingine.

Ila mmoja haukuchanua. Wa kwanza kabisa, unaopakana na Babu Mti. Wiki mbili zilizopita ulikuwa na machipukizi ya maua, niliyaona kwa macho yangu, na mti wenyewe niliuhesabu kwenye mvua. Leo majani yamelegea, ya juu yamekauka. Peishan alipiga goti akafukua. Nami nikapiga goti, sikungoja kualikwa.

Soksi. Changa, nyepesi, bado ina ukungu mweupe pembeni.

"Kutoka kwa Babu?" nimeuliza.

"Mizizi yao inashikana hapa chini, shangazi. Inapitia humo."

Na baada ya huu ni ule, na baada ya ule ni ule, mpaka mkungu wa A-hong, mpaka mkafuri wa shule. Mkafuri wa mama! Sikuuliza itachukua muda gani. Nilikaa chini kwenye maua. Baba yangu anaua majirani zake. Hajui, mgonjwa hajui, lakini anaua, na mimi ndiye ninayemshikilia mkono asiondoke.

Siku ile nilipojiandikisha nilitaka kumshinda binti huyu kwa maneno. Afadhali nisingejua jina la mti hata mmoja. Mti usio na jina ukifa unafagia tu.

Jumanne, 23 Septemba

Mdogo wangu Bunhiong kapiga simu kutoka Taichung. A-hong ndiye aliyenichongea, najua. Kaanza na hali ya hewa, kaja na bei ya mabalungi, mwisho kasema, "Dada, kumbe bado wewe ni mtoto mdogo?"

Yeye hakupewa mti. Alizaliwa mnene kama gunia la mchele, bibi akasema huyu hata jiwe litamlea. Miaka yote amenionea wivu kwa ajili ya ule uzi. Leo kakiri! Kasema alipokuwa mdogo aliwahi kujifunga uzi wa kushonea shingoni akaenda kusimama mbele ya Babu Mti, akasubiri kuitwa mwana. Hakuna kilichotokea, kinyesi cha ndege tu.

Tumecheka mpaka nikakohoa. Kisha kasema taratibu, "Utakuja kukaa kwetu sikukuu hii?" Nikasema nina shughuli. Kasema, najua una shughuli. Hakukata simu haraka, nami sikukata.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimekwenda kwa Mwenyekiti Kho. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nikafika nikasema tu: ni mimi, miaka hamsini na saba, sijaachiwa.

Nilidhani atanikaripia kwa kunyamaza siku zote hizi. Kasimama, kanivutia kiti, mwenyewe kakaa juu ya ndoo. "Dada Kim. Mimi nilimkwea yule mti kila siku nikitoroka hesabu. Unadhani nafurahi?" Sikuwahi kufikiri kama anafurahi au hafurahi. Nilimwona ana tangazo na gundi, basi.

Halafu kaharibu. Katoka nje kapiga kelele, "Tumempata mtoto!" Kichochoro kizima! Mpaka muuza barafu kasimamisha mkokoteni. Watu wanakuja kunishika mikono kama nimepotea sokoni nikaonekana. Mama mmoja kaniuliza kama nitavaa sare ya shule.

Jioni Peishan kapita. Kuvu iko chini, kasema, matawi ya juu kabisa ni mazima, anaweza kukata kitawi akioteshe mbali, kwenye udongo mwingine, shangazi uwe nacho.

Nimekataa. Nimemjibu vibaya, nikaona uso wake, nikamwomba radhi. Nikamweleza. Kitawi kioteshwe, sawa, kipelekwe bustani, watoto wa wengine wafungwe nyuzi. Lakini nisiambiwe kuwa ni yeye. Mama alipokufa nilipewa picha yake kubwa yenye fremu nzuri. Naipenda picha. Haijawahi kuniita nikale.

Peishan kaitikia kwa kichwa. Kaniuliza kama siku hiyo anaruhusiwa kuja. Nikamwambia, asipokuja nani atabeba keki?

Ijumaa, 3 Oktoba

Mti wa ubao umeanza. Harufu imeingia mpaka kwenye chai. Zamani ningefunga madirisha na kutukana serikali. Leo nimetoka nje kuutafuta ni upi — upo nyuma ya kituo cha mafuta, mrefu, maridadi, vishada vya maua meupe-kijani, hauna habari na mtu. Nimesimama chini yake nimeziba pua. Mgeni kama mgeni, umekuja, umepandwa, unafanya ulichoumbiwa kufanya. Nimeusamehe nusu.

Jumapili, 5 Oktoba

Maandalizi. A-hong kakanda unga wa keki za kobe, mimi napaka rangi nyekundu, vidole vyote kama nimechinja. Kuku mzima kachemshwa. Tambi ndefu, mayai, mabalungi mawili yenye majani yake. Uzi mwekundu umenunuliwa na umebarikiwa, sarafu ya kale kanipa Mwenyekiti Kho, ile aliyoivaa marehemu kaka yake utotoni. Sikujua kama kaka yake naye alikuwa mtoto wa Babu. Tulikuwa ndugu basi.

Nimeuvaa uzi kujaribu. Kwenye kioo — shingo ya kobe na uzi wa mtoto. Nilitaka kuuvua nikashindwa. Nalala nao.

Naogopa. Sijui hata naogopa nini, kwamba atakubali au kwamba atakataa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Naandika nimekaa kwenye kigoda nyuma ya kibanda cha tambi. Nimeomba nafasi. Daftari lilikuwa kwenye mkoba.

Watu wamejaa kichochoro. Wengine wameshawasha majiko ya kuchoma nyama, mwezi haujatoka vizuri. Bunhiong kaja! Kashuka kwenye treni na familia nzima, kavaa tai. Peishan kabeba keki kwa mikono miwili kama kabeba mtoto mchanga, na hakuvaa buti. Wamemfunga Babu Mti kitambaa kipya chekundu kiunoni. Nilimtazama nikaona amependeza.

Nimepiga magoti. Nikasema niliyofundishwa: mtoto wako Siukim anakushukuru, anakuomba umwachie. Nikarusha.

Vyote chali. Ananicheka. Watu nao wakacheka, nikaona si mbaya.

Nikasema tena, kwa sauti zaidi. Kifudifudi. Mtunza kibanda akasema tusubiri, kijiti kingine cha udi kiungue mpaka kiishe, ndipo niulize mara ya mwisho. Akikataa hapo ni mpaka mwaka kesho.

Mwaka kesho! Mluan wa pili tayari umelegea upande mmoja, nimeupita leo asubuhi.

A-hong kanifuata hapa na glasi ya maji. Kanitazama ninavyoushika huu uzi shingoni. Kasema, "Shoga, mdomo wako unamwomba akuachie, lakini mimi niliyekaa nyuma yako nilikusikia unamwomba abaki. Sasa yeye afuate lipi?" Kaondoka kwenda kugeuza nyama.

Kisha Mwenyekiti kachungulia. Udi umebaki kidogo, kasema. Halafu, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo: "Ulimwambiaje, dada?" Nikamwambia: nimemwomba aniachie. Kakunja uso. "Nani kakufundisha hivyo? Hakuombwi! Kaka yangu hakuomba kitu siku ile, na mimi nilisimama hapo hapo. Mtoto anakwenda kumpa baba habari. Anasema, Baba, nimekua. Basi."

Nimekua.

Nina miaka hamsini na saba. Nimezika bibi, nimezika baba, nimezika mama, magoti yananilia nikiinuka. Na neno hilo sijawahi kulisema kwa mtu, kwa sababu wote waliostahili kulisikia waliondoka kabla sijalisema, na sikutaka huyu naye alisikie aondoke. Ndiyo maana nilinyamaza. Si mwiko, si matanga. Nilikuwa sijataka kuwa mkubwa bila mtu wa kumwambia.

Wananiita. Bunhiong anapunga tai yake. Udi umekwisha, naona moshi wa mwisho. Acha nilijaribu neno hilo kwanza hapa kwenye karatasi, halafu nikalitamke kwa sauti. Baba, nime